Stendi ya Tangi na Mkondo wa Amali: Karakana ya Shule Inafundisha Nini Hasa?

Jirani yangu wa hapa Nkuhungu, Dodoma, alinisimamisha asubuhi moja nikienda kupanda daladala. Mkononi alikuwa na fomu ya kujiunga na shule, imekunjwa mara nne. "Mwalimu, hebu nisaidie," akasema. "Kijana wamempanga amali. Ndiyo basi tena? Uinjinia umeshaota mbawa?" Ndani ya fomu ile, kati ya godoro, ndoo na madaftari, palikuwa na ovaroli, viatu vigumu vya ngozi na miwani ya kinga. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyomkosesha usingizi. Alipovisoma aliona gereji, hakuona shule.

Nilimjibu kwamba mlango haujafungwa. Lakini daladala ilikuwa inakuja, na jibu la haraka halikumtosha yeye wala mimi. Tangu siku ile nimelisikia swali hilohilo sokoni Majengo, kanisani, na kwenye vikao vya wazazi. Kinachowachanganya watu ni kwamba vitu kadhaa tofauti vimefungwa katika furushi moja, na kila mmoja anashika pembe yake.

Kwanza mfumo wenyewe. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne sasa ina mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya fani za kazi. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo kundi la kwanza la amali linafikia kidato cha nne mwaka 2027. Mwanafunzi wa amali anasoma masomo machache ya jumla, kama Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili, na sehemu kubwa ya muda wake inakwenda kwenye fani: umeme wa majumbani, uchomeleaji, uashi, useremala, ufundi magari, ushonaji, kilimo na nyinginezo, kutegemea shule ina nini. Mwishoni anapimwa pande mbili, upande wa kitaaluma na Baraza la Mitihani (NECTA), upande wa ufundi chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi.

Neno "amali" nalo limewababaisha wengi. Zanzibar wamelitumia miaka mingi, na mamlaka yao inaitwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Huku Bara tulizoea kusema "ufundi stadi", jina ambalo VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi stadi, imelibeba tangu sheria yake ya mwaka 1994. Basi mzazi wa Bahi au Manyoni akisikia "amali" anadhani ni jambo geni kabisa. Akifafanuliwa kuwa ni ufundi, anadhani ni VETA iliyohamishiwa sekondari kwa ajili ya waliofeli. Mara zote mbili amekosea.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alikuwa anapigana na shule inayomtenga kijana na kazi. Miaka ya 1970 zikaja shule za michepuo: kilimo, biashara, sayansikimu na ufundi. Kwa upande wa ufundi, majina ambayo wazee wanayataja kwa heshima hadi leo ni Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru, Iyunga, Musoma na Mtwara. Angalia ramani: katika orodha hiyo hakuna jina hata moja la Dodoma wala Singida. Mtoto wa Mpwapwa aliyetaka karakana alipanda basi. Halafu, kuanzia mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulituletea shule za kata, na nani asingezishangilia, lakini nyingi zilianza na madarasa na ubao. Maabara zilikuja baadaye sana, kwa kampeni na michango. Karakana hazikuwamo kabisa kwenye hesabu.

Ndiyo maana kwa kizazi kizima hapa kanda ya kati "vitendo" ni neno la kuandikwa. Nami nimo. Shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mashine ya kukereza chuma chini ya turubai, kwenye chumba chenye kufuli. Tuliichora ubaoni, tukaandika majina ya sehemu zake kumi na mbili kwa mishale, na kwenye mtihani nilipata alama zote. Miaka minne sikuisikia ikiunguruma hata siku moja. Nilikuja kushika mita ya umeme kwa mara ya kwanza nikiwa mwalimu niliyeajiriwa, tena niliishika mbele ya wanafunzi, na nilichomeka waya zake kwenye matundu yasiyo yake. Aibu ile bado naikumbuka, na ndiyo inayonifanya niandike haya.

Sasa tufungue furushi. Ndani yake mna mambo matatu.

La kwanza ni jaribio la maabara. Unaning'iniza jiwe kwa uzi, unahesabu mara ngapi linakwenda na kurudi, unatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka. Jibu liko kitabuni kabla hujaanza, na kazi yako ni kulifikia kwa uaminifu. Ni mafunzo mazuri, yanamfundisha mtoto kupima na kutojidanganya. Lakini mwisho wa kipindi jiwe linarudi kabatini na dunia inabaki vilevile.

La pili ni ufundi. Huu unakaa mkononi. Mshono wa kuchomelea hauji kwa kuelezwa. Unakuja kwa kuunguza vipande vingi vya chuma hadi sikio lenyewe lijue sauti ya moto uliotulia, ile ya mafuta yakikaanga, na sauti ya moto uliozidi. Fundi mzuri akirudia kazi mara mia, ya mia inafanana na ya kwanza.

La tatu ni uhandisi, na hapa ndipo wazazi wengi hawajaonyeshwa kitu. Mhandisi anaamua. Ana tatizo la watu, ana fedha zisizotosha, ana vifaa vilivyopo dukani na si vile anavyovitamani, na lazima achague umbo, kipimo na malighafi kabla ya kukata chochote, halafu ajibu kwa uchaguzi wake. Darasa zuri la amali linakutanisha haya matatu kwenye kitu kimoja. Nitaeleza kwa kitu ambacho kila nyumba ya Dodoma inakijua.

Tangi jeusi la plastiki la lita 1,000. Maji yetu huja kwa zamu, kwa hiyo tangi ni mwanafamilia. Waambie wanafunzi: tengenezeni stendi yake. Fundi wa mtaani anakwambia papo hapo, "Miguu minne, mita mbili, leta chuma." Mwanafunzi tunamtaka aanze na swali: kwa nini mita mbili?

Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa kanieneo, yaani msukumo, wa takriban kilopaskali 10. Bomba la bafu likiwa mita mbili kutoka chini, na kitako cha tangi nacho kiko mita mbili, kinachobaki kulisukuma ni yale maji yaliyomo ndani ya tangi tu. Likijaa, unaoga. Likifika nusu, maji yanadondoka kama machozi, na watu wanalaumu bomba kuziba. Inua stendi hadi mita tatu, tatizo limekwisha. Ila chuma kimeongezeka, gharama imepanda, na jambo jingine limezaliwa ambalo nitalifikia.

Uzito je? Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi likijaa ni tani nzima, na kwa fizikia ya kidato cha chini kabisa hiyo ni nyutoni 10,000 hivi. Ukiigawa kwa miguu minne, kila mguu unabeba 2,500, sawa na kusimamisha watu wazima wanne juu ya mguu mmoja. Mwanafunzi akishasema hivyo kwa mdomo wake, anauangalia mguu kwa jicho jingine.

Kabla ya kugusa chuma, tunafanya kwa mabua ya mtama. Mimi huyaokota mwezi wa sita, baada ya mavuno, yakiwa yamekauka vizuri. Kila kundi linapewa mabua ishirini, uzi wa katani, na miiba ya mgunga badala ya misumari. Kazi: mnara wa sentimita 50, ubebe chupa nyingi iwezekanavyo za maji ya nusu lita.

Mwaka mmoja kundi la kwanza lilijenga mraba safi kabisa, miguu minne na fremu juu, unapendeza macho. Msichana mmoja akausukuma kwa kidole kimoja ubavuni. Mnara ukalala polepole kama ng'ombe aliyechoka, na hakuna bua hata moja lililovunjika. Darasa likanyamaza. Hapo sikufundisha kitu, niliuliza tu: kilichoshindwa ni nini, kama mabua yote ni mazima? Walizunguka zaidi ya robo saa. Kisha mvulana akachukua bua moja, akalifunga mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya pili. Wakasukuma. Mnara haukutikisika upande ule. Mraba unaweza kulala ukawa msambamba bila urefu wa upande wowote kubadilika. Pembetatu haiwezi, mpaka kitu kivunjike. Mafundi wanauita mshazari ule bresi, na kila nguzo kubwa ya umeme wa gridi unayoiona ukitoka mjini imejengwa kwa pembetatu tupu.

Wakaanza kupakia chupa. Kwenye chupa ya 11 mguu mmoja ukashindwa, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Bua halikupondeka. Lilitoa tumbo nje, likapinda kama upinde, ndipo likakatika katikati. Kitu kirefu chembamba kikibebeshwa mzigo hakisubiri kupondeka, kinakimbilia kupinda. Mwanahisabati Leonhard Euler aliikokotoa hesabu yake katika karne ya 18: mzigo wa kupindisha unategemea urefu kwa mraba wake. Punguza urefu usioshikiliwa uwe nusu, na mguu uleule, kwa nadharia, unaweza kubeba hadi mara nne. Wanafunzi hawakumjua Euler. Walichofanya ni kufunga mkanda wa mabua katikati ya kimo, kuizunguka miguu yote. Tulizipandisha chupa zote 24 tulizokuwa nazo na mnara ukabaki umesimama.

Ndipo tukaenda kwenye chuma, na chuma nacho kina somo lake. Bomba la mraba dukani linauzwa kwa urefu wa mita 6. Kundi likapiga hesabu: mita 6 gawa kwa 2, miguu mitatu, hakuna kinachobaki. Wakapima mita mbili, wakakata kwa grenda. Wakapima mbili nyingine, wakakata. Mguu wa tatu ukatoka pungufu milimita 6. Wakaanza kulaumiana, kila mmoja akidai mwenzake hakuivuta vizuri futikamba. Wakapima upya, futikamba haina kosa. Niliwaomba watazame sakafuni, kwenye ule unga mweusi uliomwagika chini ya jiliwa. Jiwe la grenda lilikuwa na unene wa milimita 3, na walikata mara mbili. Milimita 6 zilikuwa pale chini, wangeweza kuzifagia. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mkato nao una upana na lazima uhesabiwe.

Na lile jambo jingine, la upepo. Niliwauliza, stendi iko hatarini lini zaidi? Wote wakajibu, tangi likijaa. Kwa miguu ni kweli. Lakini sisi tunaishi Dodoma, na mwezi wa nane upepo wetu unabeba mchanga. Tangi likijaa lina tani nzima ya kulishikilia mahali pake. Likiwa tupu lina kilo ishirini na kitu tu, ila kifua chake kwa upepo ni kilekile. Na kadiri ulivyoinua stendi ndivyo upepo unavyolipata vizuri. Kwa hiyo kitu kimoja kina siku mbili mbaya, zinazopingana, na anayekibuni lazima azifikirie zote mbili. Kitabu kizima cha uhandisi kingeweza kuanzia hapo.

Linganisha hayo na fomu ya jirani yangu. Ovaroli na miwani vilikuwa sahihi kabisa, maana mwanga wa kuchomelea unaunguza macho na unga wa grenda haumwonei mtu huruma. Ila fomu haikuweza kumweleza kwamba ndani ya karakana mna hisabati ya kutosha kumchosha mtoto hodari.

Ugumu upo, na mzazi ana haki ya kuujua. Chukua vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Chukua wanafunzi 45 na mashine moja ya kuchomelea. Kila mmoja anapata chini ya dakika mbili, na hapo hujahesabu kuvaa kofia. Ndiyo maana mwalimu anayejua kazi hawapangi foleni. Kundi moja linachomelea, la pili linapima na kukata, la tatu linachora, la nne linapiga hesabu ya gharama, kisha wanapokezana. Mashine si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kinachoua karakana ni vile vinavyokwisha: fimbo za kuchomelea, mawe ya grenda, nyaya, mbao, risasi ya kulehemu. Mashine inanunuliwa mara moja, tena kwa picha na hotuba. Fimbo zinatakiwa kila wiki, na zikikosekana mashine inarudi chini ya turubai lake.

Kuna pia suala la nani afundishe. Fundi wa Kizota mwenye miaka ishirini ya kuchomelea anajua mambo ambayo mimi sitayajua. Mimi ninajua kwa nini mguu unapinda. Wanafunzi wanatuhitaji wote wawili chumba kimoja, na ratiba za shule bado hazijazoea kumkalisha fundi na mwalimu kwenye meza moja. Natamani sana tulifikie hilo mapema, maana elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita, na Januari 2028 wahitimu wa darasa la saba na wa darasa la sita wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Lugha nayo inabana kimyakimya. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, karakana inazungumza Kiswahili. Mtoto wa fundi kutoka Kongwa anajua timazi, pimamaji, randa, tupa na patasi tangu akiwa na miaka minane. Akifika kwenye karatasi ya mtihani, ujuzi wake wote umefungiwa nyuma ya maneno ambayo hajawahi kuyasikia nyumbani. Nimeona vijana wenye mikono ya dhahabu wakipata sifuri kwa sababu hiyo tu, na inaniuma. Dawa ninayoijua ni kubandika majina ya lugha zote mbili juu ya kila kifaa ukutani, na kuwaacha waeleze kazi yao kwa Kiswahili kwanza.

Wasichana? Yule aliyeusukuma mnara kwa kidole alikuwa wa kwanza darasani kuuliza swali sahihi. Wapeni ovaroli zinazowaenea.

Turudi kwa uinjinia. Baada ya kidato cha nne, njia ya ufundi ina ngazi zinazopandana. Vyuo vya ufundi hutoa ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NTA, yaani mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi, na ya 6 ndiyo stashahada. Ngazi ya 8 ni shahada. Taasisi kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) zimelea watu kwa njia hii miaka nenda miaka rudi: fundi mchundo akawa fundi sanifu, fundi sanifu akawa mhandisi aliyesajiliwa. Sharti moja halikwepeki. Kila chuo kina vigezo vyake vya ufaulu, na kozi za uhandisi zinataka hisabati na sayansi. Fani nazo hazifanani, umeme na uchomeleaji ziko jirani zaidi na uhandisi kuliko ushonaji. Kwa hiyo mzazi anayeota injinia aulize shule maswali haya mapema, na asikubali mtoto aiache Hisabati eti kwa kuwa "yeye ni wa amali".

Akitembelea shule, namshauri asiishie ofisini. Aombe kuiona karakana, na ndani yake alitazame pipa la vipande. Vipande vilivyokatwa vibaya, mishono iliyotoboka, waya zilizoungua: hizo ni alama kwamba watoto wanaruhusiwa kugusa. Pipa likiwa safi na zana zote ziko kwenye plastiki yake ya dukani, aulize funguo anazo nani.

Jirani yangu alimpeleka kijana, kwa shingo upande. Mwezi wa sita akarudi likizo. Jumamosi moja nikasikia naitwa ukutani: "Mwalimu, njoo umwone mtu wako." Kijana alikuwa amechuchumaa chini ya stendi ya tangi lao, ana futikamba na kalamu sikioni. Miguu minne, mita tatu, imara ukiitazama. Hakuna mshazari hata mmoja. Aliusukuma mguu kwa kiganja, juu tangi likaitikia kwa kucheza kidogo, akaandika kitu kwenye daftari.

"Iko hivyo mwaka wa tano huu," mama yake akasema, "na haijawahi kuanguka."

"Kwa sababu huwa linajaa, mama," akajibu bila kuinua kichwa. "Mpaka tupate wa kuongeza bresi, mwezi wa nane ukifika msiliache tupu. Lisishuke chini ya nusu."

Mama akanitazama mimi, akalitazama tangi, kisha akaenda kufunga bomba la bustani lililokuwa linamwagilia mchicha.